Tundu la Zamani Halifi: Kufunga Bolti Mpya Karibu na Iliyoharibika



Wiki mbili zilizopita shemeji yangu aliniita nyumbani kwake Al Khuwair kwa chakula cha mchana, na kama mnavyojua kwetu, ukialikwa chakula ujue kuna kazi. Baada ya biriani akanipandisha juu kunionyesha reli ya chuma aliyoifunga kwenye roshani. "Hebu itikise," akaniambia, "wewe si ndiye daktari wa zege?" Nikaitikisa. Ilicheza kidogo tu, kiasi cha unene wa kadi ya simu. Nikapiga magoti nikalitazama bamba la chini. Kila bolti ilikuwa na jirani yake: tundu la zamani lililojazwa simenti nyeupe ile ya kuzibia vigae. Na baina ya tundu la zamani na bolti mpya umepita ufa mwembamba kama unywele, unaelekea ukingoni mwa roshani.

Nikamuuliza kulikoni. Akasema bolti za mwanzo ziligonga nondo, hazikufika kina kilichotakiwa, zikafungwa vivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu zikalegea. Fundi akashauri nguzo za reli zihamishwe mbali, lakini shemeji akakataa, maana matundu ya zamani yangeonekana kwenye vigae. "Nikamwambia asogeze sentimita nne tu, bamba litayafunika." Basi bwana, kosa lilikuwa hapo, na halikuwa la fundi.

Naandika haya kwa sababu sote tuna jengo mahali fulani. Wengi wetu tunajenga Unguja, Tanga, Mombasa au Bagamoyo kwa njia ya simu, na sentensi ya "fundi katoboa tundu jengine pembeni" tumeisikia na tukaitikia "sawa" bila kuuliza. Mimi mwenyewe, mwenye kufundisha mambo haya kwa miaka zaidi ya 20, nimewahi kuitikia hivyo hivyo. Nitajaribu kueleza kwa nini si sawa, na ni lini inakuwa sawa.

BOLTI HUSHIKWA NA NINI?

Wengi tunadhani bolti inashikwa na tundu lake, kama kizibo na chupa. Kwa hiyo tundu likiharibika, dawa ni kutoboa jengine, na lile la kwanza limekwisha habari yake. Sivyo. Bolti inashikwa na zege linalolizunguka tundu, tena zege la eneo kubwa kuliko tunavyodhani.

Mwenye kung'oa mhogo anajua kwamba shina halitoki peke yake, linatoka na bonge la udongo. Zege nalo ni hivyo hivyo. Bolti nzuri ikivutwa mpaka zege lishindwe, hutoka na bonge lenye umbo la koni. Ncha ya koni iko chini, pale bolti inapoishia, na mdomo wake uko juu kwenye uso wa zege. Mwaka 1995 Fuchs, Eligehausen na Breen walichapisha njia ya kuhesabu nguvu ya koni hii, na njia hiyo ndiyo iliyoingia katika kanuni za Marekani za ACI 318 na baadaye katika kanuni za Ulaya za EN 1992-4. Hesabu yake inachukulia kwamba mdomo wa koni unafika umbali wa mara moja na nusu ya kina cha bolti, kila upande.

Tuchukue mfano. Bolti imezama milimita 70 ndani ya zege. Koni yake inafika milimita 105 kila upande, yaani duara lenye upana wa milimita 210. Hicho ndicho kiwanja chake. Ukiweka bolti mbili kwa umbali wa milimita 105, viwanja vyao vinaingiliana, na jumla ya nguvu za koni si mara mbili tena bali mara moja na nusu. Ukiweka bolti karibu na ukingo, sehemu ya koni inaangukia hewani, na zege lisilokuwepo halishiki kitu.

Kina nacho kina nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Nguvu ya koni haiendi sawa kwa sawa na kina; ukiongeza kina mara mbili, nguvu inaongezeka karibu mara 2.8. Kwa upande wa pili, ukipoteza kina kidogo unapoteza nguvu nyingi. Hapa ndipo tunapodanganywa na vigae. Kina kinahesabiwa kuanzia uso wa zege lenyewe. Kigae na mchanga wa simenti ulio chini yake vinaweza kula sentimita 4 au 5, na bolti uliyoidhani imezama sentimita 7 kumbe ndani ya zege imo sentimita 2 au 3 tu.

JIRANI ALIYEKUFA

Sasa turudi kwenye tundu la zamani. Halibebi mzigo, kwa nini basi lituhusu?

Kwanza, limeondoa zege katika kiwanja cha bolti mpya. Koni inayotaka kujishikilia inakuta pango njiani, na ufa hupenda njia rahisi. Pili, zege la kuta za tundu hilo huenda limeshatikiswa na drili, au limeshapasuka wakati bolti ya kwanza ilipolegea. Tatu, kama bolti mpya ni ile ya kupanuka, inayokaza kwa kusukuma zege pembeni, inahitaji ukuta imara wa kusukumana nao. Ukuta mwembamba baina ya matundu mawili utapasuka tu, na bolti itapoteza mkazo. Nne, kama ni bolti ya gundi, resini inaweza kuvujia kwenye tundu la jirani kupitia nyufa, na wewe juu unaona imejaa kumbe chini kuna hewa.

Ndiyo maana katika vyeti vya Ulaya vya bidhaa hizi mnakuta sharti linalojirudia: tundu likiachwa, jipya litobolewe kwa umbali usiopungua mara mbili ya kina cha lile lililoachwa. Tundu la milimita 70 linadai umbali wa milimita 140. Umbali unaweza kupunguzwa kama tundu la zamani limejazwa mota yenye nguvu kubwa, lakini hapo pana sharti jengine: mzigo ukiwa wa kusukuma kwa pembeni au wa kuvuta kwa mshazari, tundu lile lisiwe upande ule ambao mzigo unaelekea. Yaani lisiwe mbele ya bolti, mahali zege linapobanwa.

Nasisitiza "mota yenye nguvu kubwa". Simenti ya vigae si mota hiyo, wala jasi, wala silikoni, wala karatasi iliyopakwa rangi juu (nayo nimeiona). Inatakiwa mota isiyosinyaa ikikauka, iingizwe katika tundu lililosafishwa, na iachwe ikomae kabla ya kutoboa jirani yake. Mota inayosinyaa inaachana na kuta, na hapo umeficha tundu, hukulijaza.

MATUNDU HAYAFANANI

Kabla ya kusema "ziba, toboa jengine", tujue kilichoharibika ni kitu gani. Mimi huyagawa hivi:

1. Tundu tupu. Drili imegonga nondo na fundi ameacha. Hili ndilo jepesi: jaza, subiri, hama kwa umbali unaotakiwa. Lakini usikate nondo ili ulazimishe tundu mahali pale. Kwenye roshani inayoning'inia nje ya nyumba, nondo kubwa huwa ziko juu, kwa sababu upande wa juu ndio unaovutika. Fundi wa reli anatoboa kutoka juu. Akikata nondo mbili tatu kwa ajili ya reli, anaidhoofisha roshani yenyewe inayobeba reli na watu. Kuna vifaa vya kutafuta nondo kabla ya kutoboa, na kukodi kifaa hicho ni rahisi kuliko kujenga roshani upya.

2. Bolti iliyokatwa ikaachwa ndani. Kama ilikuwa imekaza vizuri na zege lake ni zima, mara nyingi ni afadhali kuikata sawasawa na uso wa zege kuliko kuing'oa kwa nguvu na kutoka na bonge. Ila ikumbukwe kwamba ile ya kupanuka inaendelea kulisukuma zege hata baada ya kukatwa kichwa. Na chuma cha kawaida kikipata chumvi kitaota kutu, kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma iliyotoka kwacho, na zege litapasuka kutoka ndani. Sisi tunaoishi kwenye upepo wa bahari, iwe Mutrah au Mji Mkongwe, hatuwezi kulisahau hilo. Ncha iliyokatwa izamishwe kidogo na ifunikwe.

3. Bolti iliyong'oka na bonge lake, au yenye ufa. Hapa si habari ya tundu tena, ni habari ya zege lililovunjika. Lililolegea lote liondolewe mpaka zege zima, kisha sehemu ikarabatiwe. Na bolti mpya isitegemee kiraka. Ama ihamie nje ya eneo lililoumia, ama izame mpaka kina chake chote cha kazi kiwe ndani ya zege la asili.

4. Bolti ya gundi iliyoanza kutoka polepole. Hii ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu inaonekana ni kasoro ya bolti moja, kumbe inaweza kuwa ugonjwa wa zote.

Iko pia njia ya kutohama kabisa: kutumia tundu lile lile kwa kulitanua na kulizamisha, mpaka kuta za zamani zote ziondoke, na kufunga bolti nene zaidi. Ni njia nzuri nafasi ikiwa finyu, kwani haizai jirani. Lakini tundu lililokatwa kwa drili ya almasi huwa na kuta laini kama kioo, na resini nyingi hazishiki vizuri hapo. Lazima bidhaa iwe imepimwa kwa matundu ya namna hiyo, au kuta zikwaruzwe kwa kifaa chake maalumu.

FUNZO LA BOSTON

Kuhusu namba nne, kisa kinachofundishwa darasani mpaka leo ni cha Boston, Marekani. Tarehe 10 Julai 2006 sehemu ya dari ya zege katika handaki la barabara ya I-90 ilianguka juu ya gari na kumuua abiria, Milena Del Valle. Zilishuka tani 26 hivi za zege na vyuma vyake. Dari ilikuwa imening'inizwa kwa bolti za gundi ya epoksi zilizochomekwa juu kwenye paa la handaki.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti yake mwaka 2007. Ilikuta kwamba epoksi iliyotumika ni ya aina inayokauka haraka, ambayo haivumilii mzigo wa kudumu. Inanyooka polepole, siku baada ya siku, mpaka inaachia. Lakini kinachotuhusu zaidi sisi ni kilichotangulia. Mwaka 1999, kabla handaki halijafunguliwa, baadhi ya bolti zilionekana zimeshuka kidogo kutoka mahali pake. Zikashughulikiwa: zilizolegea zikabadilishwa na kujaribiwa kwa kuvutwa, zikafaulu. Sababu ya kushuka kwake haikupatikana, na kazi ikaendelea. Jaribio la kuvuta la dakika chache linaonyesha kama bolti itahimili dakika chache. Halisemi lolote kuhusu mzigo unaoning'inia miaka mitatu. Baada ya kufunguliwa, hakukuwa na ukaguzi wa mara kwa mara juu ya dari ile, na NTSB ilisema ukaguzi ungeliibua tatizo mapema.

Miaka sita baadaye, tarehe 2 Desemba 2012, dari ya handaki la Sasago huko Japani ilianguka na kuua watu 9. Handaki lile lilifunguliwa mwaka 1977, na dari yake nayo ilishikiliwa na bolti za gundi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tuweke wapi mpya?" tuulize "ya zamani imekufa kwa nini?" Kama jibu ni nondo, hamisha. Kama jibu ni vumbi, kina kifupi, au gundi isiyofaa, basi mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule, hata ukiiweka mbali kiasi gani.

JOTO LA HUKU KWETU

Kwa wenzetu wa Muscat na Ghuba pana neno la ziada. Vyeti vya bolti za gundi hutoa nguvu kwa viwango vya joto. Kiwango cha kwanza, ambacho ndicho chenye tarakimu za kuvutia, mara nyingi ni cha zege lisilozidi wastani wa digrii 24 kwa muda mrefu na digrii 40 kwa muda mfupi. Hiyo ni Ulaya. Mwezi wa Juni 2018 hapo Quriyat, ndani ya mkoa wetu wa Muscat, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 usiku na mchana. Zege lililopigwa na jua linapata moto kuliko hewa. Sisi tusome safu ya kiwango cha pili, ambayo kwa kawaida ni digrii 50 kwa muda mrefu na 80 kwa muda mfupi. Nguvu zake ni ndogo, lakini ndizo zetu.

Tena joto linaifanya resini igande upesi. Muda wa kuichomeka bolti na kuiweka sawa unakuwa dakika chache tu, na ikishaanza kuganda ukiizungusha umeivunja gundi. Kazi ifanyike alfajiri, na mikebe ya resini ikae kivulini. Na tundu lisafishwe kama mtengenezaji alivyoandika, kwa kupuliza, kupiga brashi, na kupuliza tena. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi, haishiki zege.

RELI YA SHEMEJI

Sasa mtauliza, yote haya kwa reli ya roshani? Hesabuni pamoja nami. Reli ina urefu wa mita 1.1. Mtu mzima akijitupa juu yake, tuseme anaisukuma nje kwa nguvu ya kilo 100. Chini, bamba linajaribu kupinduka, na bolti za upande wa ndani ndizo zinazolizuia, zikiwa na mkono wa sentimita 10 tu. Kilo 100 mara 110, gawanya kwa 10, ni kilo 1,100 zinazovuta bolti mbili. Na bolti zenyewe, tulipoondoa kigae, tukakuta zimezama katika zege sentimita 3 na kidogo, zikiwa na pango pembeni na ukingo mbele. Siku ya Idi wajukuu wote wa nyumba ile hupanda pale juu kutazama watu.

Tulifanya hivi. Reli ikashushwa siku ile ile na mlango wa roshani ukafungwa kwa kufuli, maana reli mbovu ni hatari kuliko kutokuwa na reli: inakualika uiegemee. Nondo zikatafutwa na kuchorwa kwa chaki. Nguzo zikahamishwa sentimita 30, na mabamba yakawa mapana zaidi, bolti zikiwa mbalimbali kwa sentimita 15 ili mkono uwe mrefu, tena ndani zaidi kutoka ukingoni. Tundu la zamani lililo karibu kabisa likawa umbali wa sentimita 17 na nusu. Hata tungelihesabu kina chake ni sentimita 7 kamili, kanuni ilidai 14. Zege lenye ufa likachongwa na kukarabatiwa, matundu yote yakajazwa mota isiyosinyaa. Vigae vikakatwa chini ya mabamba ili chuma kikae juu ya zege. Bolti mpya ni za chuma cha pua, za gundi, zimezama sentimita 11 katika zege lenye unene wa 15, na hesabu ikafanywa kwa safu ya joto la pili na kwa ukingo ulivyo.

Fundi ni yule yule. Nilipomweleza umbali tunaoutaka, alimtazama shemeji akatabasamu tu, hakusema neno. Vigae vina viraka sasa, na mke wa shemeji hajafurahi. Lakini reli haichezi.

KWA MWENYE KUJENGA KWA SIMU

Ukiambiwa bolti imebadilishwa, uliza haya, na uombe picha kabla bamba halijafunika:

Ya kwanza imeharibika kwa nini? Tundu lake lina kina gani, na jipya liko umbali gani nalo? Limejazwa nini, na limesubiri muda gani? Kutoka bolti mpya mpaka ukingo wa zege ni sentimita ngapi? Kina kimepimwa kutoka juu ya kigae au juu ya zege? Kuna nondo iliyokatwa?

Fundi mzuri hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi kupata mtu wa kumuunga mkono dhidi ya tajiri anayetaka kuficha matundu. Na kitu kikiwa juu ya vichwa vya watu, au kikizuia watu wasianguke, mhandisi akione kwa macho yake, isiwe kwa maelezo yangu wala ya mtu yeyote wa mbali.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ninaongeza tu kwamba kuziba nako kuna namna yake, na ufa uliofunikwa kwa bamba haujazibwa.

Mwenye kujua zaidi atusahihishe na atuongezee.

Wasalaam,
Muscat